Kutoka Mamboya: Historia ya Sauti za Maneno na Maana Zake

Katika milima ya Ukaguru, kaskazini ya mji wa Kilosa, ipo Mamboya, ambayo leo ni kata katika Mkoa wa Morogoro, na ambayo zamani ilikuwa kituo mashuhuri cha misafara iliyopanda kutoka bandari ya Saadani kwenda Mpwapwa na bara ya ndani. Wapenzi wa historia huitaja Mamboya kwa ajili ya misafara hiyo, au kwa ajili ya machifu wake. Lakini sisi twaitaja hapa kwa sababu nyingine. Kutokana na ukaazi wa mtu mmoja mahali hapo, lugha ya Wakaguru, ambayo wenyewe huiita Chikagulu, ilipata sarufi iliyopigwa chapa katika karne ya 19, na kwa tendo hilo sauti zilizokuwa zikiishi vinywani na masikioni tu zikaingia katika safu ya herufi, baadhi yake zikiwa salama, na baadhi zikiwa zimepungua.

Wako wanaodhani kwamba sauti ya neno ni kama kifuu cha nazi, ambacho huvunjwa na kutupwa ili ipatikane nyama iliyo ndani, yaani maana. Habari zitakazofuata zimekusudiwa kuonyesha kinyume chake: kwamba sauti ni sehemu ya maana yenyewe, kwamba ndiyo inayoipeleka huzuni, furaha, hofu na taadhima moyoni mwa msikilizaji, na kwamba kila kizazi kilichojaribu kuiandika lugha kimeamua, kwa kujua au kwa kutojua, ni sauti zipi zitakazosalia na zipi zitakazoachwa.

I. Wanazuoni wa kale, hadi mwaka 1002

Swali la kwamba maneno yana nasaba na vitu vinavyotajwa, au kwamba watu walipatana tu kuvipa vitu majina, ni la kale sana. Plato wa Uyunani aliliwekea kitabu kizima, karne nne kabla ya kuzaliwa Nabii Isa. Lakini kwa watu wa mwambao wetu, ambao elimu yao ya maandishi iliwajia kwa njia ya Kiarabu, wanazuoni walio karibu zaidi ni wale wa Basra na Baghdad.

Wa kwanza ni Al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi, mtu wa kabila la Azd la Oman, aliyeishi katika karne ya 8, na ambaye ndiye aliyeziweka kanuni za arudhi, yaani elimu ya mizani ya mashairi. Huyu aliona kwamba Waarabu, waliposikia mlio wa panzi uliorefuka bila kukatika, waliuita kwa neno *sarra*, ambalo konsonanti yake huvutwa. Na waliposikia mlio wa kipanga uliokatikakatika, waliuita *sarsara*, neno linalokatika na kurudia vilevile. Baada yake akaja Ibn Jinni, aliyefariki mwaka 1002, ambaye katika kitabu chake kiitwacho *Al-Khasa'is* aliupanua mlango huo kwa mifano mingi. Alisema kwamba neno *khadhm* hutumika kwa kula kitu laini chenye maji, kama vile tikiti na tango, na neno *qadhm* hutumika kwa kutafuna kitu kigumu na kikavu, kama vile mnyama alapo shayiri. Na kwamba tofauti yote iko katika herufi ya kwanza, ambayo katika neno la kwanza ni laini na katika la pili ni ngumu.

Mswahili hahitaji kwenda Baghdad ili ausadiki ushahidi huo. Mzee asiye na meno humumunya ndizi, na katika tendo la kulitamka neno hilo midomo hukutana na kuachana kama inavyofanya wakati wa kumumunya. Panya huguguna mfupa, na sauti ya *g* hutoka nyuma ya kinywa, pagumu, mahali kazi ya kuguguna inaposikika. Hakuna baraza lililokaa kuamuru iwe hivyo. Masikio ya vizazi vingi ndiyo yaliyochagua, na kinywa kikaafiki.

II. Mwambao na hati ya Kiarabu, hadi mwaka 1870

Washairi wa Lamu, Pate na Mombasa walipoanza kuziandika tenzi zao, walitumia hati ya Kiarabu, hati tukufu, lakini isiyoundwa kwa ajili ya lugha yao. Hati hiyo ina alama tatu za irabu, ilhali Kiswahili kina irabu tano. Nayo kwa asili haikuwa na herufi za *p*, *v* wala *ch*. Kwa hiyo mwandishi aliandika mifupa ya neno, na msomaji alitakiwa kuwa ameshaijua nyama yake kwa sikio. Upungufu huo ulikuwa na hatima njema moja: utenzi haukuweza kusomwa kimya na mtu mgeni, bali ulidumu kuwa kitu cha kughaniwa, na sauti ikabaki kuwa hazina iliyo wazi mbele ya wote.

Ndivyo alivyosikiwa Muyaka bin Haji wa Mombasa, aliyefariki mnamo mwaka 1840, ambaye mashairi yake yalikaa vichwani mwa watu miongo mingi kabla ya kukusanywa. Maneno yanayokaririwa hudumu kwa sababu yana kituo. Kina cha kati na kina cha mwisho huwa mahali pa kushika, na mizani huwa mwendo wa kufuata. Sauti ndiyo iliyokuwa maktaba ya watu hao.

Katika mwaka 1844 Ludwig Krapf alifika Mombasa, na mwaka 1870 Edward Steere akachapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili kama kinavyosemwa Unguja. Herufi za Kirumi zikaja na faida iliyo dhahiri, maana zina irabu tano kamili. Lakini zilikuja na hasara pia. Mtu wa Mombasa hutofautisha *kaa* la moto na *kaa* wa pwani kwa pumzi itokayo pamoja na sauti ya kwanza ya huyo wa pwani. Hutofautisha vilevile *paa* la nyumba na *paa* wa mwituni. Na hujua *t* ya menoni na *t* ya ufizini kuwa ni sauti mbili. Tahajia iliyoenea haikuziwekea alama tofauti hizo. W. E. Taylor, mmisionari wa Mombasa aliyesaidiwa sana na Mwalimu Sikujua bin Abdallah katika kuyakusanya mashairi ya Muyaka, alikuwa miongoni mwa wachache waliojitahidi kuziandika kwa alama maalumu. Lakini njia yake ilikuwa na taabu kwa wapiga chapa na wanafunzi, wala haikushika.

III. Mamboya, miaka ya 1880

Chama cha wamisionari cha CMS cha Uingereza kilifungua kituo Mpwapwa, kisha mwanzoni mwa miaka ya 1880 kikaimarisha kazi Mamboya chini ya Joseph Thomas Last, ambaye hakuwa kasisi, bali mtu wa kazi za mikono na mwenye sikio kali. Mahali penyewe palimfaa. Mamboya ilikuwa juu ya njia kuu, na wapagazi, wachuuzi na watumwa wa makabila mbalimbali walipita hapo wakitoka na wakienda. Basi aliyekuwa na kalamu na subira aliweza kusikia lugha za nchi nyingi bila kuondoka kwake. Tunda la usikivu huo ni vitabu viwili. Mwaka 1885 alichapisha London mkusanyo wa maneno na sentensi 250 katika lugha na lahaja 48; na mwaka 1886 akachapisha sarufi ya Kikaguru.

Hatuna budi kuipa kazi hiyo heshima yake. Ndiyo inayotuwezesha leo kujua maneno yaliyotamkwa na watu ambao wajukuu wa wajukuu wao ni wazee. Walakini yatupasa pia kufahamu namna kipimo chake kilivyoamua kitakachoingia. Mkusanyo wa maneno 250 huuliza kichwa kinaitwaje, maji yanaitwaje, moja, mbili, tatu huhesabiwaje. Hauulizi mvua ya kwanza ikianguka juu ya vumbi husikika vipi, wala mama hutoa sauti gani anapombembeleza mtoto. Zaidi ya hayo, Chikagulu kina sauti za puani zitokazo kwa pumzi, bila koo kutetema, ambazo huandikwa leo *mh* na *nh*, kama katika *munhu*, yaani mtu, na *wanhu*, yaani watu. Alfabeti ya Ulaya haina herufi ya sauti hizo. Hata jina la watu wenyewe liliingia vitabuni kwa *r*, Kaguru, wakati kinywa cha wenyeji hutamka *l*.

Last aliondoka, akaongoza safari ya Chama cha Kifalme cha Jiografia kwenda milima ya Namuli iliyo Msumbiji, kisha akaitumikia serikali ya Unguja. Kituo kilidumu, wamisionari wengine wakaendelea na tafsiri na mafundisho, na watoto wa Ukaguru wakajifunza kuyaona maneno yao kwa macho. Huo ulikuwa mgeuko mkubwa, kwa sababu tangu hapo palikuwa na namna mbili za kulijua neno, na ile iliyoandikwa ikaanza kupewa cheo cha juu kuliko ile iliyosikiwa.

IV. Wajerumani na elimu ya sauti, 1885 hadi 1914

Utawala wa Kijerumani ulipoingia, ukatumia Kiswahili katika shule zake na kwa maakida wake, na reli ya kati, iliyofika Morogoro mwaka 1907, ikasonga mbele hadi Kilosa na kuendelea bara. Kiswahili kikapanda na reli, na Mkaguru aliyeshuka Kilosa kutafuta kazi alilazimika kuwa na lugha mbili kinywani.

Wakati huohuo, mwaka 1899, Carl Meinhof alichapisha kitabu chake juu ya sauti za lugha za Kibantu. Alichodhihirisha ni kwamba sauti za lugha hizi hubadilika kwa kanuni, wala si kwa bahati nasibu: pale Mswahili asemapo *mtu* na Mkaguru asemapo *munhu*, hakuna aliyelikosea neno la mwenziwe, bali kila mmoja amelirithi neno lilelile la kale kwa njia ya nyumba yake. Elimu hii iliwapa heshima watu waliokuwa wakiambiwa kwamba lugha zao hazina mpangilio. Lakini ilizitazama sauti kwa upande wa nasaba tu. Taathira yake moyoni mwa msikilizaji haikuwa shughuli yake.

V. Usanifishaji, 1925 hadi 1944

Waingereza walipochukua Tanganyika, haja ya vitabu vya shule vya namna moja ikaleta mkutano wa Dar es Salaam wa mwaka 1925, kisha mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928, ambapo Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili Sanifu mbele ya Kimvita, lahaja ya Mombasa. Tarehe 1 Januari 1930 Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi, na mwaka 1939 kamusi yake chini ya Frederick Johnson ikatoka. Kwa uamuzi huo mtoto wa Mamboya, wa Tanga na wa Kisumu waliweza kusoma kitabu kimoja, na hiyo ni neema isiyokanushika. Lakini gharama yake iliangukia sauti: zile pumzi na zile *t* mbili za Kimvita zilibaki bila makao katika tahajia, na mwanafunzi wa bara akajifunza Kiswahili kisicho na habari nazo.

Katika miaka hiyohiyo, hata hivyo, jambo moja lililokuwa limepuuzwa likapata jina. Mwaka 1935 Clement Doke, aliyefanya kazi Afrika Kusini, alilitenga katika istilahi za Kibantu lile kundi la maneno yanayochora tukio kwa sauti, ambalo sisi twaliita tanakali za sauti, na akalipa nafasi yake miongoni mwa aina za maneno. E. O. Ashton naye, katika sarufi yake ya Kiswahili ya mwaka 1944, akayapa maneno hayo nafasi.

Kila Mswahili ayajua tangu utotoni. Kitu kizito kikianguka sakafuni, huanguka *pu*. Kikianguka majini, *chubwi*. Kikianguka mchangani, *tifu*. Kikianguka matopeni, *tapwi*. Kitenzi ni kimoja, lakini sauti ndiyo inayotuambia palipoangukiwa, hata kama mahali penyewe hapakutajwa. Mtu hulala *fofofo*, giza huwa *totoro*, nguo huwa nyeupe *pe* au nyeusi *ti*, na mtu hunyamaza *jii*. Katika *pe* na *ti* hakuna mlio wowote unaoigwa, kwa kuwa rangi haina mlio. Kilichomo ni ukamilifu, ukali wa kukata maneno mengine yote, ambao msikilizaji huuhisi kabla hajaufikiri. Na msemaji atakaye kuonyesha umbali huivuta irabu ya *mbali*, tena huipandisha, na masafa hupimwa kwa urefu wa pumzi yake. Hayo yote ni sarufi, ingawa kamusi huyataja kwa uchache na mwalimu huyapita kwa haraka.

VI. Washairi na wasikilizaji, 1954 hadi 1970

Katika mwaka 1954 Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji, alichapisha kitabu kilichofafanua sheria za kutunga mashairi pamoja na diwani yake. Elimu ya vina na mizani, iliyokuwa ikipokezwa kwa masikio huko mwambao, ikawekwa wazi kwa kila mwenye kujua kusoma. Shairi la mizani 16, lililogawanywa nane kwa nane, likawa milki ya watu wa bara pia. Mathias Mnyampala, Mgogo aliyezaliwa mwaka 1917 katika nchi inayopakana na Ukaguru, alikuwa miongoni mwa waliodhihirisha kwamba kinywa kilicholelewa kwa lugha ya bara chaweza kuzishika bahari za mwambao barabara, na ngonjera zake zikaingia mashuleni kote Tanzania.

Washairi hawa walijua kwa vitendo kile ambacho Al-Khalil alikijua kwa nadharia. Shairi la maombolezo lililotiwa vina vya irabu pana na vya sauti za puani huenda taratibu, na kumlazimisha mghani avute pumzi. Shairi la kejeli au la vita lililojaa *k*, *t* na *p* hurukaruka na kupiga. Kina kibaya huharibu hata fikira nzuri, kwa sababu sikio lililosumbuliwa halimpi moyo nafasi ya kupokea.

Na katika Ukaguru yenyewe, tangu mwaka 1957, T. O. Beidelman, mwanaanthropolojia wa Kimarekani, alikaa na kuandika ngano, vitendawili na nyimbo za jando za Wakaguru. Alipokuja, Mamboya ilikuwa kiti cha chifu mkuu chini ya utawala wa Waingereza, na wazee waliokumbuka zama za Wajerumani walikuwa hai. Tofauti ya kazi yake na ile ya Last ni kubwa: mmoja alikusanya maneno yaliyotengwa, mwingine akasikiliza maneno yakiwa kazini, katika nyimbo ambazo huwafundisha vijana utu uzima kwa mafumbo, na ambazo nguvu yake imo katika kurudiwa na kuitikiwa. Lakini wimbo uliochapwa, hata ukichapwa kwa uaminifu, hupoteza ngoma yake na sauti ya waitikiaji.

VII. Baada ya uhuru hadi leo

Mwaka 1964 Kamati ya Lugha ikawa Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili katika chuo ambacho baadaye kikawa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na mwaka 1967 Baraza la Kiswahili la Taifa likaundwa kwa sheria. Kiswahili kikawa lugha ya Bunge, ya shule za msingi na ya redio. Redio ilirudisha kitu ambacho kitabu kilikuwa kimekinyang'anya: mtu asiyejua kusoma aliweza kusikia shairi likighaniwa kutoka mamia ya maili. Lugha za makabila, kwa upande wao, zilibaki nyumbani na shambani, bila nafasi shuleni wala redioni, na kila kizazi kilipungukiwa na kitu. Katika mwaka 2001 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilianzisha mradi wa lugha za Tanzania, uliozaa sarufi na misamiati ya lugha nyingi zilizokuwa hazina maandishi. Na mwaka 2008 Malin Petzell akachapisha sarufi mpya ya Kikaguru, pamoja na masimulizi na msamiati, miaka 122 baada ya ile ya Last.

Huko ulimwenguni nako swali la Plato na Ibn Jinni lilifufuka. Ferdinand de Saussure, katika mafundisho yaliyochapwa mwaka 1916, alishikilia kwamba uhusiano wa neno na maana ni wa mapatano tu. Lakini mwaka 1929 Wolfgang Köhler aliwaonyesha watu michoro miwili, mmoja wa mviringo na mmoja wenye pembe kali, akawauliza ni upi ufaao kuitwa kwa neno laini na upi kwa neno lenye kugonga. Wengi wakajibu namna moja. Mwaka 2022 uchunguzi wa namna hiyo uliofanywa kwa wasemaji wa lugha 25, wa hati na nchi mbalimbali, ulikuta watu wengi wakiafikiana vilevile. Mapatano yapo, wala hapana anayeyakana, maana hakuna sauti ya asili inayomlazimisha mtu kumwita ng'ombe ng'ombe. Lakini chini ya mapatano hayo umo msingi wa hisia ambao watu wa lugha nyingi wanaushiriki.

VIII. Yatupasayo

Historia hii yaonyesha jambo moja lililojirudia katika kila zama. Hati ya Kiarabu iliacha irabu mbili, ya Kirumi ikaacha pumzi, orodha ya maneno ikaacha tanakali, usanifishaji ukaacha lahaja, na kitabu kikaacha ngoma. Wala hakuna katika hao aliyefanya hivyo kwa uovu. Kila mmoja aliokoa kitu kikubwa kwa chombo alichokuwa nacho. Ila sisi tumepewa chombo ambacho Last hakuwa nacho alipokaa Mamboya: leo kijana mwenye simu ya mkononi aweza kuihifadhi sauti yenyewe, pamoja na kikohozi cha msimulizi na vigelegele vya wasikilizaji.

Basi neno letu ni kwa watu watatu. Mwalimu wa Kiswahili na afundishe ushairi kwa kuughani kabla ya kuuchambua, na awape tanakali za sauti kipindi kizima badala ya ukurasa mmoja mwishoni mwa kitabu. Chuo na baraza zilizopewa dhamana ya lugha na zihesabu rekodi za sauti kuwa maandishi yenye daraja sawa na kamusi. Na wewe, kijana wa Mamboya, wa Berega, wa Magubike, ambaye bibi yako bado anasimulia ngano kwa Chikagulu, keti naye msimu huu, umwombe ruhusa, urekodi ngano moja kamili na wimbo wake, uandike jina lake na la kijiji chake, kisha nakala uiweke shuleni ili wengine waisikie.